Risograph kwa mabango ya kupinga biashara ya manyoya: inafaa wapi, inakwama wapi

Mwanafunzi wa usanifu wa grafiki anayeandaa kampeni dhidi ya biashara ya manyoya ya wanyama atafaidika zaidi na Risograph, mashine ya kuchapa kwa stensili, kuliko printa ya leza, mradi wazo lake libebwe na umbo na maneno machache. Akitaka picha ya minki, mnyama mdogo anayefugwa kwa ajili ya manyoya yake, yenye kila unywele, mashine hii itamwangusha.

Kasoro zake karibu zote zinatokana na namna inavyofanya kazi. Inatoboa stensili nyembamba, inaizungushia silinda yenye wino, kisha karatasi inapita chini yake. Silinda moja, rangi moja. Bango la rangi mbili linahitaji mafaili mawili, yote ya weusi na kijivu: weusi wa asilimia 100 unatoa rangi kamili, kijivu kinatoka kwa vitone. Wino haukaushwi kwa joto, unanywewa na karatasi. Kwa hiyo sahau karatasi ya glosi (inayong'aa), maana wino utakaa juu na kuchafua vidole hata siku kadhaa baadaye. Karatasi ya kawaida ya gramu 100 hadi 120 inatosha.

Manyoya yenyewe ni mtihani. Minki wengi ni weusi au kahawia iliyokolea, na kwenye vivuli vitone vinaungana hadi mnyama anakuwa doa. Usiongeze tu mwanga wa picha ukitumaini bahati. Kata umbo la mnyama, shusha sehemu nzito hadi asilimia 80 hivi, na uache weupe wa karatasi ndio uwe mng'ao wa manyoya. Mistari isipungue unene wa nusu pointi (karibu milimita 0.18), la sivyo itakatikakatika.

Wengi hukimbilia damu. Katika miaka ya 1980 shirika la Lynx la Uingereza, lililopinga manyoya, lilitumia bango lililopigwa picha na David Bailey, la mwanamke akiburuta koti la manyoya linaloacha mkondo wa damu. Lilikuwa kali, na tangu hapo limeigwa mno. Risograph nayo haipendi eneo pana la rangi nzito: karatasi inanata kwenye silinda, wino unahamia mgongoni mwa karatasi iliyo juu yake, na tabaka la pili likipita, magurudumu ya mashine yanaacha mistari. Kwa maoni yetu hilo ni jambo jema, kwani linamlazimisha mwanafunzi kutafuta wazo lake mwenyewe.

Wazo bora limo kwenye saizi ya karatasi. Pendekezo la Baraza la Ulaya la mwaka 1999 linataja sakafu ya sentimita za mraba 2,550 kwa minki mmoja mkubwa, na kimo cha sentimita 45. Karatasi kubwa kabisa ya Risograph nyingi ni A3. Unganisha mbili kwa upande mfupi, unapata sentimita 29.7 kwa 84, yaani 2,495. Mtazamaji amesimama mbele ya sakafu nzima ya kizimba, imepungua kidogo tu. Hakuna takwimu itakayomfikia haraka hivyo. Mashine haichapi hadi ukingoni, kwa hiyo usichore fremu ya kizimba. Acha ukingo wa karatasi wenyewe uwe ukuta. Mbweha mmoja kapendekezewa mita ya mraba 0.8, takribani A3 sita na nusu.

Rangi ya pili husogea milimita moja au mbili, haikwepeki. Weka nondo za kizimba kwenye tabaka moja na mnyama kwenye jingine, uzichape moja juu ya nyingine bila kuacha tundu kwenye tabaka la chini, na msogeo hautaonekana kama kosa. Maandishi yote yakae kwenye rangi moja. Kati ya rangi na rangi subiri siku nzima.

Hakiki maneno kabla ya kutoboa, maana kosa la herufi moja ni stensili mpya. Hakiki na sheria. Bango linalodai mashamba ya manyoya yafungwe Uingereza limekosa shabaha: sheria ya mwaka 2000 ilishapiga marufuku ufugaji huo England na Wales, ikaanza kutumika Januari 2003, lakini haikugusa uuzaji. Madai ya huko yaelekezwe dukani, na bandarini manyoya yanakoingilia.

Gharama kubwa ni stensili, hivyo nakala 10 ni hasara na 100 ndipo mashine inapolipa, tena zinatoka kwa dakika chache. Zibandike ndani: kwenye korido, maktaba, mbao za matangazo. Nje mvua itazilegeza, na waridi kali linapauka juani mapema kuliko rangi nyingine. Kwa kituo cha basi, chapa kwa skrini, yaani wino unaosukumwa kupitia wavu.