Mrija mmoja mrefu, digrii 17 za uongo

Hasira yangu yote inatokana na sentimita 10 za mpira. Nilinunua seti ya kuunga mwenyewe ya bomba la kusikilizia nyambizi, mfano wa lile walilofunga Wamarekani mwaka 1917 na 1918 kwenye boti zao za mbao za futi 110: T iliyopinduliwa inayozamishwa majini, tufe la mpira kila ncha, na mirija miwili inayopanda hadi masikioni kama kipimo cha daktari cha kusikilizia moyo. Hakuna betri wala waya, yaani hakuna cha kuharibika. Ndivyo nilivyodhani.

Tufe la kushoto hulisha sikio la kushoto, la kulia la kulia. Unazungusha usukani wa bomba taratibu mpaka mlio uhame pembeni na kukaa katikati ya kichwa, yaani ufike masikio yote mawili kwa wakati mmoja. Hapo mkono wa T, ule wenye matufe, umekikingama chombo unachokisikiliza. Ukizidisha kidogo kuelekea kulia na mlio ukakimbilia sikio la kushoto, kiko mbele. Ukikimbilia kulia, kiko nyuma yako.

Sasa, langu lilikuja na mrija wa kushoto mrefu zaidi kwa sentimita 10. Kidogo? Sauti hewani huenda kama mita 340 kwa sekunde, majini 1,500. Sentimita 10 za hewa mle ndani ni sawa na sentimita 44 za maji, na kwa mkono wa mita 1.5 hilo ni kosa la digrii 17. Boti naiona kwa macho yangu mbele kabisa, bomba linashikilia iko kulia! Kwa umbali wa mita 500 umekosea mita 150. Bomu la kuulia nyambizi la ratili 300 la enzi zile lingeua samaki tu.

Nikamwandikia muuzaji. Jibu: "Mpendwa mteja, kwanza kasafishe masikio."

Masikio! Njia ya kuhakiki hii hapa, wala haihitaji masikio ya ajabu. Tafuta boti iliyotulia mahali pamoja injini ikinguruma, soma digrii, kisha zungusha bomba mpaka mlio ukae katikati mara ya pili. Vipimo viwili vipishane digrii 180. Vyangu vilipishana 146. Pungufu ni 34, nusu yake ndiyo kosa. Nikakata mrija kwa wembe, mkato ulionyooka, nikapaka sabuni na kuisukuma yote miwili kina kimoja kwenye viungio.

Na hapo, lazima niseme ukweli, kitu hiki ni kitamu. Zima injini yako (usipozima husikii kingine), na propela ya jirani inapiga chu-chu-chu katikati ya fuvu. Nilikusudia kutoa nyota moja, nikapanda hadi nne.

Kisha nikapima mirija ya akiba iliyokuwa ndani ya boksi. Imepishana sentimita 4, karibu digrii 7. Nyota mbili.