Kurudi kurekodi nyumbani: uzoefu wangu na REAPER na kadi ya sauti ya matundu mawili

Nianze na hukumu, mwenye haraka asihangaike kusoma hadi chini. Kama uliwahi kurekodi nyumbani, ukaacha miaka mingi, na sasa unataka kurudi, kadi ndogo ya sauti ya USB yenye matundu mawili, ile inayoingiza maiki au gitaa kwenye kompyuta, pamoja na REAPER, programu ya kurekodi na kuchanganya sauti, vinakutosha. Vipo vizuri zaidi, sikatai. Ila hivi vinakufikisha kwenye kurekodi kabla hamu haijapoa, na kwa anayerudi hicho ndicho kipimo ninachokiamini. Hamu ya kurudi ni nyepesi. Jioni nzima ikiishia kwenye draiva (programu inayoiunganisha kadi na kompyuta) na nywila zilizosahaulika, gitaa linarudi ukutani.

Kabla ya kununua chochote, fungua kabati. Vifaa vyangu vya zamani vilijigawa vyenyewe makundi mawili. Kadi yangu ya kwanza ilitumia FireWire, tundu ambalo kompyuta za leo hazina, na aliyeitengeneza aliacha kuiandikia draiva siku nyingi. Chuma ni kizima, taa zinawaka, ila hakuna pa kuichomeka. Plagini zangu, yaani programu ndogo za kuongeza ala na athari za sauti, za mfumo wa zamani wa biti 32 nazo zimekwisha, maana Mac ziliacha kuzipokea tangu macOS Catalina ya 2019. Kundi la pili ni Shure SM57, maikrofoni iliyo sokoni tangu 1965. Niliipangusa vumbi, nikaichomeka kwa kebo ileile ya XLR, ikafanya kazi papo hapo. Kinanda cha MIDI, lugha ya ala kuzungumza na kompyuta, chenye tundu la pini tano, mtindo wa 1983, kilihitaji kebo ya kukigeuza kwenda USB tu. Kwa kifupi, chenye kutegemea programu ndicho kilichokufa.

Kadi niliyonunua sitaitaja jina, kwa sababu nitailalamikia mbele, na pia kwa sababu ziko nyingi za aina yake zinazokaribiana. Ina matundu mawili ya maiki au gitaa, tundu la hedifoni, na swichi ya volti 48 kwa maiki za kondensa, zile zinazohitaji umeme ili zifanye kazi. Kilichokuwa kigeni kwangu ni kitufe cha kupanga kiwango cha sauti chenyewe. Unakibonyeza, unaimba sekunde chache kwa nguvu utakayoimbia, pete ya taa inazunguka kisha inatulia, na kiwango kimeshawekwa. Mwanzoni nilikidharau. Sasa nakitumia kila mara, halafu napunguza desibeli tatu hivi, kwani hakuna anayeimba wakati wa kupima kwa nguvu anayoimbia kiitikio.

Hapo kuna tabia moja ya zamani ya kuiacha. Tulifundishana kurekodi karibu kabisa na taa nyekundu. Enzi za kurekodi kwa biti 16 ilikuwa na maana: nafasi yote kati ya sauti ndogo na kubwa kabisa, kinadharia, ni desibeli 96, na kila unachokiacha juu kinakusogeza kwenye mchacharuko wa chini, ile kelele ndogo ya nyuma. Kwa biti 24 nafasi hiyo ni desibeli 144 kinadharia, na kelele za saketi ya kadi zinasikika mapema kuliko za biti. Acha vilele viishie desibeli -12, hata -18 (sifuri ndiyo kikomo cha juu). Sauti itakuwa safi, na mwimbaji akichangamka ghafla haipasuki.

Sasa kuchelewa kwa sauti, maana hapa ndipo wengi tuliposalimu amri. Ukipiga uzi, sauti inaingia kwenye kadi, inapita kwenye kompyuta, ndipo inarudi kwenye hedifoni. Kompyuta haiipokei tone kwa tone. Inakusanya kwanza fungu la sampuli, yaani bafa, kisha inalishughulikia. Kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya 1,024 ni milisekunde 21 za kuingia tu, na bado za kutoka. Ukiimba hivyo, ni kama kuna mtu anakuigiza nyuma ya mlango. Bafa ya 128 haifiki milisekunde tatu. Ukijumlisha kuingia, kutoka na muda wa kadi yenyewe, kwangu yote inabaki chini ya kumi. Hewani sauti husafiri takriban sentimita 34 kwa milisekunde, kwa hiyo kumi ni sawa na kusimama mita tatu na nusu hivi kutoka kwenye amplifaya yako. Sijaona mpiga gitaa anayelalamikia umbali huo.

Mwimbaji ni mgumu zaidi, kwa kuwa sauti yake anaisikia pia kupitia mifupa ya kichwa, na hiyo haichelewi. Kwake nawasha usikilizaji wa moja kwa moja, ambapo kadi inampa sauti yake kabla haijafika kwenye kompyuta, na nazima usikilizaji wa traki hiyo, yaani mstari wa sauti yake, ndani ya programu, la sivyo anajisikia mara mbili. Hasara yake ni kwamba anajisikia mkavu, bila ule mwangwi ambao waimbaji wengi huupenda masikioni. Kwenye Windows, hakikisha umechagua draiva ya ASIO ya kadi yenyewe, ile inayopunguza kuchelewa. Ukifika kwenye kumiksi, rudisha bafa juu ili kompyuta ipumue.

REAPER inatengenezwa na Cockos, kampuni ndogo ya Justin Frankel, yuleyule wa Winamp. Faili lake la kupakua ni dogo mno ukililinganisha na programu nyingine za kazi hii, na unaweza hata kuisakinisha kwenye flashi. Unapewa siku 60 za kuijaribu ikiwa nzima, bila kufungiwa kitu, ndipo ununue leseni. Leseni ya toleo la 7 inakuvusha hadi mwisho wa toleo la 8. Haiji na maktaba ya ngoma wala vinanda, hivyo anayetengeneza midundo kuanzia sifuri atafute sauti hizo kwingine. Kwa anayerekodi ala na sauti za watu, ReaEQ (ya kurekebisha sauti nzito na nyembamba) na ReaComp (ya kusawazisha nguvu ya sauti) zilizomo ndani zinatosha muda mrefu sana.

Kilichonifanya niipende ni wimbo wangu mmoja wa zamani ulioishia ubeti wa kwanza. Programu niliyoutengenezea ilishaondolewa sokoni, na faili la mradi halifunguki popote. Zilizonusurika ni faili za sauti za WAV, zenye majina ya aina ya "gitaa mwisho" na "gitaa mwisho kweli". Kila faili linaanzia mahali pake ndani ya wimbo, na hakuna linalosema ni wapi. Ila mwanzoni mwa faili la ngoma vijiti vinagongwa mara nne, na kwenye faili la gitaa, ukiongeza sauti sana, vijiti vilevile vinasikika kwa mbali, vimevuja kutoka kwenye hedifoni za mpigaji na kuingia kwenye maiki. Nilikuza mawimbi hadi kilele kimoja kikajaza kioo, nikalisogeza gitaa mpaka vilele vikakutana. Besi ilirekodiwa kwa waya, haina kilichovuja. Hiyo niliitafutia mahali kwa sikio, nikiisukuma mbele na nyuma hadi ikakaa sawa na teke la ngoma, yaani mpigo wa ngoma kubwa ya mguu.

Baada ya hapo nikaingiza sauti ya ubeti wa pili. Tangu toleo la 7, la 2023, kila jaribio linaweza kukaa kwenye kichochoro chake ndani ya traki moja, nawe unapitisha kipanya juu ya vipande unavyovitaka: mstari huu kutoka juu, pumzi kutoka chini, neno la mwisho kutoka katikati. Sauti yangu imekuwa nzito kuliko ya wakati ule, na kwa hilo hakuna kitufe. Ubeti wa pili nimeuimba okteva moja chini ya wa kwanza, na nadhani wimbo umependeza zaidi hivyo. Faili la mradi, kwa faraja ya niliyeungua mara moja, ni maandishi matupu. Unaweza kulifungua kwa programu yoyote ya kuandikia, ukasoma majina ya traki, mahali kila kipande kinapoanzia na faili kilikotoka.

Kuhusu kukuza sauti ya wimbo uliokamilika, usijichoshe. Spotify hushusha nyimbo zenye kelele hadi karibu na LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika), kwa hiyo kuubana wimbo kupita kiasi hakukupi chochote isipokuwa ngoma zilizokufa.

Malalamiko yangu yako kwa kadi. Swichi ya volti 48 inawasha matundu yote mawili kwa pamoja. SM57 haidhuriki kwa kebo nzima, lakini mwenye maiki kuukuu ya ribboni, yenye utepe mwembamba wa chuma ndani, asithubutu. Nguvu ya hedifoni ni ndogo, na ukiwa chumba kimoja na mpiga gitaa mwenye mkono mzito utaisikia shida hiyo. Kisha kuna kulazimishwa kusajili akaunti ndipo upate draiva, jambo lililonikera kuliko yote, kwa kuwa ndilo linaloamua kama miaka ijayo kadi itakuwa hai au itafuata ile ya FireWire. Kama unaweza, chagua kadi inayofuata kanuni ya kawaida ya sauti kupitia USB, ambayo Mac na Linux huitambua bila draiva yoyote.

Na kama una bendi inayotaka kurekodi wote kwa wakati mmoja, matundu mawili ni kujitesa, kwani ngoma peke yake hudai maiki nne na kuendelea. Tafuta ya matundu manane, au walau yenye tundu la ADAT, ambalo huongeza njia nane kwa waya mmoja wa mwanga.