Uzoefu wangu na Vault: paswadi ya kanzidata inayojifia yenyewe

Kwa wenye haraka: kama timu yenu bado inaingia kanzidata ya prodakshini (ile ya kazi halisi) kwa akaunti moja, na paswadi yake imebandikwa kwenye grupu la WhatsApp, Vault ya HashiCorp, programu ya kutunza na kugawa paswadi za mifumo, itawafaa sana. Ila mjue mnaleta mtoto nyumbani, na mtoto hulelewa.

Nafanya kazi upande wa mifumo katika kampuni ndogo ya mikopo ya simu hapa Dar. Tunatumia kanzidata ya PostgreSQL (Postgres kwa kifupi) kwenye seva zetu wenyewe, na humo ndimo yaliyomo majina ya wateja, namba zao za simu na nani amechelewesha rejesho. Zamani madevelopa wote waliingia kama "admin". Mtu akiacha kazi aliondoka na paswadi kichwani, maana kuibadilisha kulitaka kugusa kila skripti inayoitegemea, na hakuna aliyetaka kuzigusa. Tulioamka usingizini hatukuamshwa na wadukuzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika Mei 1, 2023, mkaguzi wetu wa ndani aliuliza swali moja tu: wiki iliyopita ni nani aliyefungua rekodi za wateja? Logi nzima ilijibu "admin".

Jinsi Vault inavyotatua hilo ni rahisi kueleza. Hakuna tena paswadi ya kudumu ya mtu. Developa anajitambulisha kwa akaunti yake ya kazini, kisha anaandika kwenye terminali:

vault read database/creds/kusoma

Papo hapo Vault inaingia Postgres, inatengeneza mtumiaji mpya mwenye ruhusa za kusoma tu, na kumrudishia jina, paswadi na muda wa kuishi. Kwetu ni saa moja. Saa ikiisha, mtumiaji yule anafutwa. Akitaka tena, anaomba tena, na kila ombi linaandikwa kwenye logi ya ukaguzi. Hata akaunti ambayo Vault yenyewe huitumia kuingilia ina amri ya kuizungusha, rotate-root, na ukishaitekeleza hakuna binadamu anayeijua paswadi hiyo. Mpeni akaunti yake peke yake, msimkabidhi ile kuu ya postgres, la sivyo mtajifungia nje.

Sasa yale ambayo mafunzo ya YouTube huyapitia juu juu.

La kwanza ni majina. Kiolezo cha kawaida ambacho Vault hutungia majina ya watumiaji wa Postgres hukata jina la mwombaji kwenye herufi nane, na ukiingia kwa OIDC (njia ya kujitambulisha kwa akaunti ya kazini), tano kati ya hizo huliwa na neno oidc na kistari chake. Kwa hiyo kwenye pg_stat_activity, orodha ya Postgres ya walioingia sasa, unaona v-oidc-ami-kusoma- halafu msururu wa herufi. Amina au Amiri? Logi ya Vault inajua, lakini saa nane usiku kuna swali la SQL (ombi la mtu kwa kanzidata) linalokaba kanzidata nzima, na hutaki kulinganisha logi mbili. Badilisheni kiolezo hicho, username_template, siku ya kwanza.

La pili lilitutafuna zaidi. Postgres haikubali kumfuta mtumiaji anayemiliki kitu. Developa mwenye kibali cha kuandika akitengeneza jedwali, jedwali ni lake, na saa yake ikiisha Vault inagonga mwamba inapojaribu kumfuta. Dawa yake: kila mtumiaji wa muda awe mwanachama wa role moja ya kudumu (akaunti ya kikundi ndani ya Postgres), na aivae moja kwa moja anapoingia, ili vyote anavyotengeneza viwe mali ya role hiyo. Halafu kumbuka kwamba VALID UNTIL, mwisho wa muda wa paswadi ndani ya Postgres, huangaliwa mlangoni tu. Aliyekwisha kuingia hafukuzwi kwa sababu muda wa paswadi umepita. Sisi tuliongeza pg_terminate_backend, inayokata muunganisho wa aliye ndani, kwenye amri za kufuta, ndipo saa moja ikawa saa moja kweli. Mayowe ya watumiaji wa DBeaver, programu ya kufungulia kanzidata, yalisikika hadi uhasibu.

La tatu: Vault inakwambia nani alichukua ufunguo. Alichofanya ndani haikijui. Swali la mkaguzi tulilijibu kikamilifu baada ya kuwasha pgAudit, inayoandika maswali yenyewe ya SQL. Bila hiyo una jibu nusu.

Na idhini ya mtu wa pili? Ipo, inaitwa Control Groups, lakini ni ya toleo la kulipia. Sisi tunazunguka hivi: kibali cha kuandika kiko kwenye kikundi cha akaunti za kazini ambacho kwa kawaida hakina mtu, na kiongozi wa zamu ndiye anayemwingiza anayehitaji, kisha kumtoa.

Watu hupenda kutaja kisa cha GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa madevelopa, wakiuza zana za namna hii. Januari 31, 2017, injinia wao akihangaika na urudufishaji wa Postgres alifuta saraka ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya pili. Kati ya GB 300 hivi zikabaki 4.5, na data ya takriban saa sita ikapotea. Kisa ni cha kweli, lakini Vault isingemzuia kwa upande huu wa kanzidata. Alikuwa kwenye terminali ya seva yenyewe. Anayekuuzia hiki kama kinga ya kile, muulize vizuri.

Malezi sasa. Vault ikizimika na kuwaka, inaamka imefungwa lakiri. Kwa mpangilio wa kawaida kuna vipande vitano vya ufunguo na vitatu lazima vikutane, kwa njia aliyoibuni Adi Shamir mwaka 1979. Umeme ukikatika usiku, watatu kati yenu wataamshwa. Unaweza kuiacha ijifungue kwa KMS ya wingu (huduma ya kutunza funguo), na nashauri hivyo kabla hamjaanza kuchukiana.

Wenye kanzidata kwenye RDS (kanzidata za kukodi za AWS, wingu la Amazon) peke yake wala wasihangaike: tokeni za IAM za AWS, yaani paswadi za muda, hudumu dakika 15 na hakuna seva ya kulea. Mkitaka na kurekodi anachofanya mtu ndani, itazameni Teleport.

Leseni ya Vault ilibadilika Agosti 2023 kutoka MPL (ya programu huria) kwenda BSL (yenye mipaka ya kibiashara), na IBM ikakamilisha kuinunua HashiCorp Februari 2025. Kwa matumizi ya ndani kama yetu, BSL haizuii kitu. Wasioridhika wana OpenBao, tawi huria la Vault lililo chini ya Linux Foundation, na sisi tumeiweka kwenye mazingira ya majaribio. Nyota nne kati ya tano. Ya tano imekwenda na yale majina yaliyokatwa.