Miezi 7 ya kutengeneza kombucha nyumbani, tumbo langu linasemaje

Jamani naandika hii kwa wale wenye tumbo kama langu, yaani ukila maharage mchana mpaka usiku umevimba kama una mimba ya miezi mitano, gesi haitoki, choo unapata kwa kubahatisha. Vidonda vya tumbo nilishapima sina, daktari akaniambia punguza soda, kula mboga, kunywa maji. Soda ndo ilikuwa ngumu kwangu, mimi bila kitu chenye gesi baridi saa nane mchana na hili joto la Dar siku haijaisha. Wifi yangu ndo akaniambia jaribu kombucha, ni chai tu iliyochachushwa.

Nikanunua ule utando wake mtandaoni, wanauita mama, sijui niseme uko kama nini, kama ngozi ya maziwa ila nene na inateleza. Muuzaji akaniletea kwenye kikopo na maji yake kama vijiko viwili tu, na mimi sikujua nikaona sawa, nikautia kwenye chai yenye sukari. Siku ya tano naenda kuangalia nakuta juu kuna madoa ya kijani yenye manyoya kabisa kama mkate uliolala. Nikamwaga vyote, na nilimwaga kwa uchungu maana elfu 20 yangu ilikuwa imeenda. Nilichokuja kuelewa ni kwamba yale maji chachu ya kwenye kikopo ndo kinga yenyewe, yanafanya chai iwe chachu tangu siku ya kwanza ili ukungu usipate nafasi, kwa hiyo mkinunua msikubali utando mkavu mkavu, dai maji yake ya kutosha. Na ukiona manyoya usikwangue eti uendelee, tupa vyote hata na utando wenyewe.

Mara ya pili nikapata kwa dada mmoja anayetengeneza mwenyewe, akanipa na nusu lita ya maji chachu. Nachemsha maji lita 3, majani ya chai ya kawaida haya haya vijiko sita vya chai, sukari robo kilo, nachuja, naacha ipoe kabisa kabisa (ikiwa ya moto unaua vile vijidudu vinavyochachusha), namimina kwenye chupa kubwa la kioo lenye mdomo mpana, naweka maji chachu na utando, nafunika na kipande cha kanga safi nakaza na raba. Msitumie sufuria ya alumini, asidi inakula alumini. Na kitambaa kiwe kizito maana vile vinzi vidogo vya kwenye ndizi vinanusa hii kitu toka mbali, vikiingia ndo basi.

Joto letu hapa linaharakisha sana, wanaoandika toka nchi za baridi wanasema wiki mbili, mimi mwezi wa pili siku ya sita tu ilikuwa tayari na ya nane ishakuwa siki ya kachumbari. Kuanzia siku ya tano naingiza mrija pembeni naonja, utamu ukibaki kidogo tu natoa. Mama mkwe wangu alipokuja nikampa aonje akasema "mwanangu hii si ni togwa tu ila ya chai?" na kiukweli hakukosea, mambo ni yale yale ya kuchachua.

Sasa la gesi. Ukishaweka kwenye chupa na tangawizi na pasheni ukafunga siku mbili, gesi inajaa vizuri mno, ila mimi niliweka kwenye chupa ya juisi ya kioo chembamba, usiku tukasikia paa! jikoni, kabati zima vipande vya chupa mpaka kwenye vikombe vya watoto. Nashukuru Mungu hakuna aliyekuwa karibu. Toka siku hiyo natumia chupa za plastiki za soda, naibonyeza kwa kidole, ikikakamaa tu inaenda friji.

Tumbo je? Wiki ya kwanza nilikunywa glasi mbili asubuhi bila kula, nikapata kiungulia na kuharisha, kosa langu. Sasa hivi nakunywa nusu glasi baada ya chakula cha mchana basi. Nilisoma kuna wanawake wawili kule Iowa, Marekani, mwaka 1995 waliugua sana, damu ikajaa asidi na mmoja akafariki, haikuthibitishwa kuwa ni kombucha ila wote walikuwa wanainywa, na CDC, kituo cha serikali ya kule cha kudhibiti magonjwa, wakasema mililita 120 hivi kwa siku kwa mtu mwenye afya haielekei kuleta shida. Nimebaki hapo hapo.

Gesi imepungua, choo karibu kila siku, nasema kweli. Ila soda nimeacha kabisa toka nianze, kwa hiyo siwezi kuapa kama ni vijidudu vya kombucha au ni kuacha sukari yote ile. Kama una dawa za daktari usiziache kwa ajili ya hii. Mjamzito au mwenye kinga ndogo ya mwili asiguse ya kutengeneza nyumbani.

Kingine, ina kilevi kidogo, hamira inageuza sukari kuwa pombe kabla haijawa asidi, na ya nyumbani huwezi kujua imefika ngapi. Wanangu siwapi. Jirani yangu Muislamu alikuwa ameshaipenda harufu ya pasheni, nikamwambia kabla hajaonja, akarudisha glasi mezani akasema "nashukuru umeniambia mama." Waambieni watu jamani, msiwapelekee tu kama juisi.

Utando wangu umekuwa mnene kama chapati tatu, nishagawa mara mbili. Leo nimefunga chupa ya ukwaju kwa mara ya kwanza, keshokutwa naifungua.