Jotamastic 87 kwenye mbavu za boti ya mferejini

Kwa boti ya chuma inayokaa kwenye mifereji ya Uingereza, rangi ya chini ninayoipendekeza kwa mbavu zilizo juu ya mstari wa maji ni Jotamastic 87 ya aluminiamu, kisha juu yake rangi ya mafuta ya kung'aa. Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeizuia kwa sababu si rangi ya kila mtu wala ya kila msimu, na nitasema nani asiinunue.

Rangi za Jotun, kampuni inayotengeneza Jotamastic, nilizizoea Dubai, pale Jadaf, nilipokuwa nakwangua na kupaka meli kabla sijahamia huku. Kampuni ni ya Norwei, ilianza mwaka 1926 katika Sandefjord, mji wa wavuvi wa nyangumi. Kwa hiyo nilipopata boti yangu mwenyewe nilijua ninachokitafuta: epoksi nzito ya makopo mawili, moja la rangi na jingine la hadina ya kuigandisha, inayoshika hata chuma kilichosafishwa kwa mkono. Kupiga mchanga hadi chuma kiwe cheupe ni bora kuliko yote, lakini huku kunahitaji karakana, nafasi ya kupandisha boti nchi kavu, na fedha ambazo wengi wetu tunaoishi botini hatuna.

Boti yangu ina urefu wa futi 57, yaani mita 17 na kidogo, na upana wa mita 2 na ushei. Sakafu yake ni chuma cha milimita 10, mbavu 6, kuta za kibanda 4. Makazi yangu ni Grand Union, mfereji wa kutoka London hadi Birmingham. Huko loki, yale mabirika ya malango yanayojazwa na kumwagwa maji ili boti ipande au ishuke, zina upana wa futi 14, zimejengwa ili boti mbili ziingie ubavu kwa ubavu. Ukiingia peke yako, maji yakianza kumiminika boti inasukwasukwa ukuta hadi ukuta. Pale Hatton kuna loki 21 zinazofuatana. Ukizimaliza, shuka utazame mbavu za boti yako. Utajua umepaka rangi gani.

Wenye boti wengi huhangaikia tumbo lililo majini na kuziachia mbavu makombo. Mimi naona ni kinyume. Tumbo lina msaada: vile vipande vya magnesi vilivyochomelewa kwenye bodi hukubali kuliwa ili chuma kisiliwe. Lakini vinafanya kazi ndani ya maji tu. Hatua moja juu ya mstari wa maji hakuna anayekilinda chuma isipokuwa rangi, na hapo ndipo kinapolowa na kukauka mara kwa mara, huku hewa ikiwa tele, jua likiwaka na kuta za loki zikikwaruza. Mafundi wa majahazi kwetu Tanga walilielewa jambo hili kwa mbao: chini ya maji ni deheni, chokaa iliyokandwa na shahamu, kuzuia wadudu wa baharini, juu ya maji ni sifa, mafuta ya papa, kuzuia jua lisipasue ubao. Dawa mbili kwa maradhi mawili. Huku watu wanachukua rangi ya lami ileile inayopakwa tumboni na kuipaka mpaka juu kwenye ukingo, kwa kuwa ni rahisi na imebaki kwenye debe.

Ndivyo alivyofanya aliyekuwa na boti hii kabla yangu. Lami ilikuwa imepauka kwa jua, imekuwa ya kijivu na kupasukapasuka, na kutu inachungulia. Muuzaji mmoja wa vifaa vya boti aliniambia nipige msasa kidogo tu kisha nipake epoksi juu yake. Sikumsikiliza, na wewe usimsikilize atakayekuambia hivyo. Kiyeyushi kilichomo ndani ya epoksi huilainisha lami, lami huchomoza juu kama madoa ya kahawia, na epoksi ikishakuwa ngumu juu ya kitu laini itabanduka vipande vipande. Lami lazima itoke yote.

Hii ndiyo kazi yenyewe. Kupaka ni sherehe tu. Lami ikwangue asubuhi ya baridi, maana baridi huifanya ivunjike, ukingoja jua inakuwa ulimbo. Usiikimbilie na grainda: joto la diski linaiyeyusha na diski inaziba papo hapo. Inayobaki ifute kwa kiyeyushi na vitambaa, na kitambaa kibadilishe haraka, la sivyo unaisambaza tu. Ndipo uingie kwenye kutu. Brashi ya waya ya kufunga kwenye grainda inapendwa na kila mtu, lakini inaweza kuing'arisha kutu na kuiacha palepale, laini na yenye kumetameta. Mimi natumia diski ya msasa, inayoacha chuma na mikwaruzo ambayo rangi itaing'ang'ania. Kiwango cha chini cha usafi kwa zana za mkono, kwa kanuni za kimataifa za ISO 8501-1 kuhusu usafi wa chuma kabla ya kupaka, kinaitwa St 2: hakuna mafuta, hakuna uchafu, hakuna kutu wala rangi iliyolegea. Rangi inayosemwa kuvumilia uso usio kamili huvumilia hicho. Haivumilii dizeli iliyochuruzika kutoka kwenye mdomo wa tangi, wala vumbi.

Uzuri wa kazi ya juu ya maji ni kwamba huhitaji kuipandisha boti chelezoni. Unafunga boti ubavu ukiangalia ukingo wa mfereji, unapaka upande huo, kisha unaisogeza hadi mahali pa kugeuzia na kuanza wa pili. Tandika turubai kati ya boti na ukingo ili magamba ya rangi ya zamani yasiangukie majini, hasa kama boti ni ya zamani, kwani rangi zake zinaweza kuwa na madini ya risasi. Shida ni umande. Chuma kinachoguswa na maji chini hubaki baridi hata hewa ikipata joto, na umande usioonekana kwa macho unatosha kuharibu kazi. Kanuni tuliyoifuata kwenye meli ndiyo ninayoifuata hapa: chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 zaidi ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo umande huanza kutokea, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Kipimajoto cha miale na kipima unyevu vinatosha. Huku Uingereza mara nyingi hali hiyo hupatikana katikati ya mchana tu, na alasiri uwe umeshaweka rola chini.

Changanya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, usikisie kwa macho, na changanya kile utakachomaliza, maana ikishakutana na hadina haikungoji. Kabla ya rola, pita na brashi kwenye kingo zote, kwenye mishono ya kuchomelea, na juu na chini ya ile mikanda ya chuma inayozuia mikwaruzo. Rangi hujivuta ikawa nyembamba kwenye kona kali, na kutu ya boti hizi huanzia karibu kila mara chini ya mkanda. Kisha rola. Tumia kile kitana kidogo cha kupimia unene wa rangi mbichi: maikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 200 mbichi zitakupa takriban 160 ikikauka, kwa sababu kiyeyushi ndani yake ni kidogo. Wanaolalamika kwamba epoksi haikudumu, wengi waliipaka nyembamba kama rangi ya ukuta. Kwa koti mbili za boti yangu nilinunua seti tatu za lita 5.

Aluminiamu naichagua kwa sababu vipande vyake vidogo bapa hulala kama magamba ya samaki, na unyevu unalazimika kuzunguka sana kabla haujafika kwenye chuma. Lakini usiiache bila kifuniko. Epoksi juani hutoa unga na kuchuja. Ikishakauka sawasawa ipige msasa mpaka ipoteze mng'ao, kisha rangi ya mafuta juu yake. Kwenye ukingo wa kukanyagia nilinyunyiza changarawe laini kwenye koti mbichi. Bila hivyo mvua ikinyesha ni kuteleza.

Sasa baridi imepita. Mahali palipogongwa na kuta za loki rangi ya kung'aa imekwenda, na sehemu chache mgongano umefika mpaka kwenye chuma. Ninachokifurahia ni kinachoendelea pembeni ya majeraha hayo: kutu imebaki palepale penye mkwaruzo, haijatambaa chini ya rangi. Hakuna malengelenge. Chini ya mikanda, mahali ambapo zamani palikuwa panatoa machozi mekundu, ni pakavu. Kurekebisha ni msasa, brashi, na kikopo kidogo.

Bei inauma. Kwa lita, nililipa zaidi ya mara tatu ya lami. Na kama epoksi nyingi, ile ya hadina ya kawaida haitaki chini ya nyuzi 10. Kwa baridi zaidi ipo hadina yake maalumu, iulizie kabla hujalipa. Vaa glavu za naitraili na funika mikono yote. Ngozi ikishaikataa epoksi huikataa maisha, na nimeona mafundi wazuri wakiacha kazi kwa hilo.

Asiyepaswa kuinunua ni yule mwenye lami nzima, isiyobanduka, ambaye hana nafasi ya kuikwangua yote. Huyo apake lami nyingine juu ya lami, arudie kila inapopauka, na boti yake itakaa vizuri.