Uzoefu wangu: karakana iliyofuta nakshi ya bunduki yangu

Nilipopeleka kitako cha bunduki yangu, yaani sehemu yake ya mbao, kikatolewe vanishi ya zamani na kupakwa mafuta kwenye karakana ya Ngamiani, hapa Tanga, kabla ya masika, nilikuwa na furaha, kwa kuwa bei ya shilingi 40,000 niliimudu na karakana yenyewe ilisifiwa kwa samani. Bunduki yangu ni ya leseni, nami naitumia kulinda mahindi upande wa Muheza dhidi ya nguruwe pori. Mbao yake ni ya mjozi, na vanishi ya kiwandani ilikuwa imeanza kubanduka magamba kwa unyevu wa pwani yetu. Nilifungua skrubu, nikaacha vyuma vyote nyumbani kabatini chini ya kufuli, nikapeleka kitako peke yake na bamba lake la nyuma, lile linaloegemea bega.

Nilimweleza fundi mambo matatu, na nikayarudia. Kwanza, nakshi ya miraba midogo pale mkono unaposhika isiguswe na msasa, bali isafishwe kwa mswaki na dawa ya kutoa vanishi. Pili, bamba la nyuma libaki limefungwa wakati wa kupiga msasa, ili mbao na bamba viishe sawa. Tatu, asipake vanishi nyingine bali mafuta ya kitani yaliyochemshwa, ambayo nilimnunulia mwenyewe baada ya kuzunguka maduka matatu. Hapa Tanga ukitaja kitani, muuzaji husikia katani, yaani mkonge.

Niliporudi kuichukua, mashine ya msasa ilikuwa imepita kila mahali. Nakshi ilibaki kivuli tu, na kingo zilizokuwa kali zimeviringwa kama mguu wa kitanda. Bamba lilikuwa limefunguliwa, mbao ikaliwa, hata nilipolirudisha likatokeza nje kiasi cha milimita moja na kukwaruza kidole. Nilimuuliza fundi kwa upole, naye akajibu bila kuinua macho: “Mzee, si kipande cha mti tu hiki? Ukitaka urembo kanunue mpya.” Nina umri wa kumzaa, na sikuwa nimempandishia sauti. Jibu hilo limeniuma kuliko mbao yenyewe.

Ningeishia hapo nikawaambia msikanyage pale, lakini nitakuwa nimemdhulumu kijana anayejifunza kazi mle ndani. Alinipa shikamoo, akanionyesha mahali palipokuwa na mashimo mawili ya kugongwa, ambayo aliyatoa bila kukwangua: alilaza kitambaa kibichi juu yake, akapitisha pasi ya moto, mvuke ukazivimbisha nyuzi za mbao mpaka mashimo yakajaa. Mafuta pia aliyapaka yeye, tabaka jembamba kwa kitambaa, akafuta yaliyozidi na kungoja likauke kabla ya jingine. Hata matambara yenye mafuta aliyatandaza uani mojamoja, kwa sababu yakirundikwa hupata joto na yanaweza kuwaka yenyewe. Kwa kweli rangi ya mjozi imetoka nzuri kuliko ilivyokuwa kiwandani, na kwa ajili ya kijana huyo nilikuwa tayari kusema kwamba fedha yangu haikupotea.

Siwezi kusema hivyo tena. Jana nilikuwa shambani, mkono una jasho, kitako kikateleza palepale palipokuwa na nakshi, na hasira yote ikarudi. Nakshi ile haikuwa pambo. Kazi yake ni kuushika mkono. Kuichonga upya kunataka vyombo maalumu ambavyo sijaviona kwa fundi yeyote ninayemjua mjini hapa. Bamba nimelipunguza mwenyewe kwa tupa, jioni tatu mfululizo, na bado upande mmoja haujakaa.

Kwa hiyo msimpelekee. Na kama mtu hana pa kwenda, basi ampe kijana kazi hiyo mkononi, akae hapohapo mpaka iishe, na mashine ya msasa isiwashwe. Mimi nilimwomba fundi anirudishie walau shilingi 10,000. Aligeuka akaendelea kupiga randa.