Kombati za mifuko katika masoko ya Darajani na Kwerekwe, Unguja: ya kuchukua na ya kuacha

Mabakamabaka kwanza, maana ndiyo vijana wanayoyaulizia. Suruali ya mabaka ya kijeshi, hata ikiwa safi, hata ikiwa ya bei ya kutupa, iache juu ya meza. Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa raia wenye mavazi ya jeshi au yanayofanana nayo wayasalimishe. Ulinzi ni jambo la Muungano, kwa hivyo anayedhani onyo lile liliishia ng'ambo ya maji anajidanganya. Muuza atakwambia, "Yakhe, hii ya Marekani, si ya kwetu." Askari anayekusimamisha njiani hakai kulinganisha madoa. Mabaka ya buluu au ya waridi nayo ni kujitafutia maelezo marefu bure, na hapa tuna vikosi vya Zanzibar pia, JKU, KMKM na Mafunzo, kila kikosi na sare yake.

Wanachokipenda watu katika suruali ile ni mkato wake, na mkato unapatikana bila mabaka. Kombati ya jeshi la Marekani iliyoanza kutumika 1981 ina mifuko sita: miwili ya pembeni, miwili ya nyuma na miwili mikubwa ya mapajani. Magotini na makalioni kitambaa ni cha tabaka mbili, na chini ya mguu kuna kamba. Mkato huohuo umeshonwa kwa kaki, kahawia, kijani kitupu kisicho na mabaka, buluu ya giza na nyeusi, na ndizo tunazozizungumzia hapa.

Za madukani, zile mpya zilizokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, hatuzipi alama nyingi. Kitambaa ni chepesi, uzi ni mmoja pale panapotakiwa miwili, na mara nyingi mfuko wa paja ni kifuniko tu kilichoshonewa juu, hakuna mfuko chini yake. Tia mkono kabla ya kulipa. Tena pamba ambayo haijafuliwa hurudi: mguu wa inchi 32 ukipungua kwa asilimia tatu tu, inchi nzima imekwenda. Ya mtumba imeshafuliwa mara nyingi huko ilikotoka, imerudi ilivyorudi, unachokipima ndicho utakachokivaa. Kwa sababu hiyo peke yake mtumba unashinda.

Darajani ni pazuri kwa mwenye haraka: nguo zimeshachambuliwa, zimetundikwa, na bei imepanda kwa kazi hiyo. Kwerekwe unachimbua mwenyewe kwenye rundo. Nenda asubuhi, siku balo linapofunguliwa. Wenye maduka nao huja kuchagua, na ikifika adhuhuri kilichobaki ni viuno vya 40 na vya watoto. Pemba, Chake na Wete, chaguo ni dogo zaidi. Ukiona kiuno chako, usiseme utarudi kesho.

Kitambaa ndicho cha kukitazama mwanzo, kabla ya rangi na kabla ya lebo. Kwa joto letu, pamba tupu ya uzito wa kati ndiyo inayovalika mchana. Mchanganyiko wa poliesta 65 na pamba 35, ule wa suruali nyingi za kazi kama Dickies, haukunjamani na haupauki upesi, lakini kaskazi ikipamba moto utaujua mgongoni. Kipo na kile chenye visanduku vidogo vya uzi mzito: kikichanika, mchaniko husimama kwenye kisanduku. Ukikuta hicho kwa pamba tupu, chukua.

Halafu inyanyue suruali, elekeza msamba kwenye jua. Mwanga ukipenya kama kwenye chandarua, kitambaa kimekwisha, na kiraka cha msamba hakikai kwa sababu kinachokizunguka nacho kimechoka. Panda na kushuka na zipu mara kumi. Vuta lastiki ya kiuno: ikilia kama inakatika, imekufa. Vifungo vya chuma vyenye kutu viepuke, hewa yetu ya chumvi itamalizia kazi na kutu itachora kitambaa. Madoa meusi madogo ya ukungu hayatoki, aseme muuza asemavyo. Mwisho, lowesha ncha ya kitambaa cheupe usugue upande wa ndani. Kikitoka na rangi, itachuja kila ukiifua.

Chumba cha kujaribia hakuna, kwa hivyo nenda na futi ya fundi. Funga kifungo, ilaze suruali, pima kiuno upande mmoja, zidisha kwa mbili: sentimita 41 ni 82, yaani inchi 32. Lebo usiiamini sana. Namba 48 ya Ulaya ni kama 32 yetu, lakini nguo iliyokwisha kurudi haifuati lebo tena. Angalia na mfuko wa paja unapoangukia. Ukifika gotini, suruali si yako. Kukata chini hakuupandishi mfuko, na fundi akiubandua ataacha mashimo ya sindano na pande la rangi isiyopauka.

Kwa fundi cherehani, kiuno kipunguzwe kwa mshono wa nyuma, na kisizidi inchi mbili; zaidi ya hapo mifuko ya nyuma inasogeleana mpaka inachekesha. Kubana mguu kufanywe kwa mshono wa ndani, kuanzia gotini kushuka. Mwambie mapema, kwani wengi huanza na wa nje, na huko ndiko mfuko uliko, mguu unapinda. Upindo aache inchi moja na nusu.

Kufua: ndani nje, maji baridi, peke yake. Mifuko itoe nje unapoanika, hasa masika, maana mfuko mzito hukauka mwisho na ukungu huanzia humo. Jiki usiiguse. Huacha mabaka, na mabaka ndiyo tuliyoyakimbia.

Sasa kuivaa. Ukichukua ya kijani, basi kijani kiishie kiunoni: juu fulana nyeupe au shati la kitani lisilo na mifuko ya kifuani. Kijani juu na chini, na buti jeusi, umerudi kulekule kwa askari. Kahawia na buluu ya giza hazina shaka na zinakubali karibu kila shati ulilonalo. Miguuni raba nyeupe au makubadhi. Makubadhi na mguu uliobanwa kidogo yanapendeza kuliko watu wanavyodhani. Ijumaa ni ya kanzu, usilazimishe.

Kina dada wachukue ya mguu mpana, kiuno cha juu, na blauzi ndefu ya kufika magotini. Ikiwa itavaliwa ndani ya baibui, mfuko wa paja uwe wa kulala, bila mikunjo ya pembeni, la sivyo kitambaa chepesi kitaonesha vibunda viwili mapajani. Na simu isikae kwenye mfuko wa paja usio na kifungo: kwenye daladala, ukikaa tu, mfuko unalala ubavu na simu inateleza kimyakimya kwenye kiti.

Kasoro ya kifungo kimoja isikukimbize. Mwoneshe muuza, mwambie, "Ami, nikatie hapa, kifungo hamna," kwani fundi hukirudishia kwa fedha kidogo. Msamba uliopenya mwanga usikubali hata ukikatiwa nusu ya bei.